MKOPO WA NYUMBA: TUPIME KABLA YA KUTIA SAHIHI

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza habari za mikopo ya nyumba. Kila mfanya kazi ataka kutoka katika chumba cha kupanga, na jambo hilo si baya. Lakini wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa hiyo twaona yafaa tuwaeleze yaliyowapata wafanya kazi wenzetu wa Marekani.

Toka mwaka 2000 hata 2007 madeni ya jamaa za nchi ile yaliongezeka mara mbili, yakafika dola trilioni 14. Mabwana wawili wenye elimu ya uchumi, Atif Mian na Amir Sufi, hawakutaka kubahatisha. Walichukua hesabu za mikopo, mtaa kwa mtaa, wakazilinganisha na mapato ya watu. Wakaona ajabu: toka 2002 hata 2005 mikopo ya nyumba ilizidi upesi katika mitaa ambayo mapato yake yalikuwa yakirudi nyuma. Kwa nini? Wakopeshaji wengi hawakukaa na hati za rehani. Waliziuza kwa wengine, hasara ikawa ya mwingine. Asiyebeba mzigo haulizi uzito wake.

Bei za nyumba ziliposhuka, aliyeumia kwanza ni mdeni. Tufanye hesabu. Nyumba ni shilingi 2,000,000, akiba yako 400,000, mkopo 1,600,000. Bei ikishuka sehemu moja katika tano, akiba yako yote imekwisha, na deni limesimama palepale. Huko Marekani watu waliacha kununua vitu, matajiri wakapunguza watu, na hata asiye na deni akafukuzwa. Mwezi wa Oktoba 2009, katika kila watu 10 wenye kazi au wenye kuitafuta, mmoja hakuwa nayo.

Hapa Kenya mikopo ya namna hii bado ni michache, wala hatusemi ya kuwa yale yatatupata vilevile. Lakini deni ni deni. Sheria ya Kazi ya 2007 yasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Huo ni mpaka wa sheria, si kipimo cha matumbo ya watoto. Theluthi inayobaki ndiyo unga, karo na nauli.

Basi twashauri hivi. Kwanza, uliza kama riba yaweza kupanda. Pili, usifiche jambo nyumbani. Sheria ya Ardhi ya 2012 yataka mume au mke akubali kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Tatu, jiulize: nikikosa kazi miezi sita, nitalipa kwa nini? Kama huna jibu, ngoja. Ileteni karatasi katika ofisi ya tawi tuisome pamoja.

Nasi sote tukumbuke: mkopo si nyongeza ya mshahara. Mshahara mdogo hauponywi kwa deni kubwa. Huponywa mezani, tukidai kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.