Kambi yapanuka, shule zaachwa zikihangaika

Mpango wa Marekani wa mwaka 2005 wa kuzipanga upya kambi zake, uliotakiwa kukamilika Septemba 2011, ulipeleka maelfu ya wanajeshi Fort Bliss, Texas. Watoto wao walijiunga na shule za umma za El Paso.

Tatizo ni kwamba amri ya uhamisho hutoka Washington, ilhali madarasa hujengwa hasa kwa kodi ya majengo na ardhi ya wenyeji. Ardhi ya jeshi haitozwi kodi hiyo. Sheria ya 1950 ya kuzifidia shule ipo, lakini fidia kamili haijatolewa kwa miongo kadhaa.

Wilaya ikijenga mapema, kikosi chaweza kuondolewa, wakazi wabaki na deni la madarasa matupu. Ikisubiri, watoto hurundikwa katika vyumba vya muda.