Vitabu vya kiada vitolewe kabatini

Mhariri,

Katika shule nyingi za serikali nchini Tanzania, vitabu vya kiada vilivyochapwa kwa fedha za umma hukaa stoo au katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Hugawiwa kipindi kinapoanza, hukusanywa kinapokwisha, na kwenda navyo nyumbani ni mwiko. Kila mwaka husemwa kwamba vitabu havitoshi, na ni kweli. Lakini kuvifungia hata hivyo vichache vilivyopo ni hasara juu ya hasara, na hilo halisemwi.

Kinachopotea kwanza ni muda. Kipindi kina dakika 40. Darasa lisilo na vitabu hutumia sehemu kubwa ya dakika hizo kunakili notisi ubaoni, na mara nyingine anayeziandika ni kiranja. Mwenye mwandiko wa polepole hufutiwa kabla hajamaliza. Aliyeketi nyuma husoma herufi vibaya, na kosa likishaingia daftarini hukaririwa hadi chumba cha mtihani. Mchoro wa moyo wa binadamu, wenye mishipa inayoingia na inayotoka, huchorwa kwa chaki moja nyeupe na kueleweka nusu. Kitabu kikiwapo juu ya dawati, mwalimu hubaki na nafasi ya kuuliza, kusahihisha na kueleza, yaani kufundisha.

Kingine ni kurudia. Maneno ya mwalimu hupita mara moja. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza, huhitaji kuisoma aya ileile mara nne au tano, polepole, bila kuchekwa na wenzake. Nafasi hiyo huipata jioni, na jioni kitabu kimefungiwa.

Si haki kuwalaumu walimu wakuu peke yao. Kitabu kikifika shuleni huandikwa katika leja kama mali nyingine, na kikipotea huwa hoja ya ukaguzi. Mwalimu mkuu huulizwa kitabu kiko wapi. Haulizwi kimesomwa na nani. Tena hajui shehena nyingine italetwa lini. Utafiti uliofanywa Sierra Leone na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta jambo hilohilo: vitabu vilifikishwa shuleni, lakini sehemu kubwa iliwekwa akiba badala ya kugawiwa, hasa pale ambapo wakuu wa shule hawakuwa na uhakika wa kupata vingine. Akiba hiyo haina maana. Hapa Tanzania, mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 kwa darasa la 1 na la 3, vitabu vya mtaala uliotangulia vilivyotunzwa vikiwa vipya kabatini vilikwisha kazi yake bila kusomwa.

Wapo wanaotaja utafiti wa Busia, Kenya, wa miaka ya 1990, ambako Michael Kremer na wenzake waliona kwamba kugawa vitabu hakukuinua alama za wanafunzi wa kawaida. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari mbele. Sababu waliyoieleza watafiti ni kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi kilikuwa lugha ya tatu. Utafiti huo hauhalalishi kufuli. Shule ya msingi ya serikali ya Tanzania hufundisha kwa Kiswahili na vitabu vyake vingi ni vya Kiswahili, lugha ambayo mtoto anaweza kuisoma akiwa peke yake. Inasikitisha kwamba faida hiyo adimu inafungiwa pamoja na vitabu.

Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni msaada mzuri kwa mwalimu mwenye simu na bando. Lakini mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, na nyumba nyingi za vijijini hazina kompyuta.

Kinachohitajika ni waraka wa TAMISEMI, mamlaka inayosimamia shule hizi, utoke kabla ya muhula wa Januari. Uruhusu kila mwanafunzi kukabidhiwa kitabu kwa muhula mzima kwa saini ya mzazi. Pale ambapo kitabu kimoja ni cha watoto wawili au watatu, wapeane zamu za kukipeleka nyumbani. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kiondolewe katika leja bila hoja ya ukaguzi, na shule ziambiwe mapema tarehe ya kupokea vingine. Wadhibiti ubora wa shule nao, wanapofika, waanze kwa kuuliza ni vitabu vingapi viko majumbani mwa wanafunzi siku hiyo.

Msomaji wenu,
Morogoro