Tembea, Lakini Wapi?

Tabibu amwambiapo mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu atembee kwa miguu nusu saa kila siku, humwandikia dawa isiyouzwa katika duka lolote, ambayo kupatikana au kukosekana kwake kumo mikononi mwa mtu mwingine kabisa, naye ni yule aliyechora ramani ya mtaa wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limeshauri mtu mzima aushughulishe mwili wake kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na ushauri huo hauna kasoro. Kasoro imo katika mazoea yetu ya kuupokea kama jambo la hima au ajizi ya mtu mmoja mmoja, hata ashindwaye kuutimiza akahesabiwa mvivu, ilhali yamkini mlango wa nyumba yake umeelekea barabara isiyo na ukingo wala kivuli, ipitwayo na malori mchana kutwa.

Mwaka 1953 mtafiti Jeremy Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakaonyesha kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa kucha wakikata tiketi, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa vitini. Hapana kondakta aliyekwenda kazini kwa kusudi la kunyoosha viungo. Ngazi ndizo zilizomnyoosha. Lakini watafiti hao walikuwa waaminifu, na miaka mitatu baadaye walichungua vipimo vya sare za watumishi wa mabasi hayo, wakakuta kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi hata katika ujana wao, basi huenda tofauti yao ilitangulia kazi. Tahadhari hiyo yatuhusu na sisi, kwa maana mtaa wenye watu wepesi wa mwili waweza kuwa umewavuta wapenda kutembea, wala si kwamba umewafanya wawe hivyo; na anayesema kuwa njia nzuri peke yake yatosha kumwondolea mtu kisukari, huku sinia la chakula halijabadilishwa, anasema zaidi ya ajualo.

Hata hivyo mahali pana nguvu yake. Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, haukujengwa na matabibu. Vichochoro vyake vilibanwa ili kuta za mawe zitiliane kivuli, na wikio, yaani chumba kivukacho juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili, kilijengwa kwa ajili ya jamaa na stara, wala hapana aliyeyafikiria mapigo ya moyo. Lakini kwa kuwa gari halipiti humo, na mizigo hubebwa na punda au hamali, na msikiti, chuo cha Kurani na duka vyote vi karibu, mwenyeji hutembea bila ya kujihesabia kuwa ametembea. Mzee akichoka, baraza ya jirani i hatua chache mbele yake. Na baraza hizi naona zina kazi kubwa katika siha kuliko tunavyokiri, kwani mwenye goti bovu hapimi safari kwa masafa, huipima kwa mapumziko yaliyomo njiani. Nisidhaniwe kuwa nautamani ukale wote: mitaro ya humo iliyo wazi si kitu cha kuigwa.

Fauka ya hayo, neno afya limepata kutumiwa na wapanga miji kwa dhuluma. Dar es Salaam ilipokuwa chini ya Waingereza, uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo, mtaa wa Waafrika, kwa hoja ya kuzuia maradhi, na muradi wake ulikuwa kuwatenga watu kwa rangi zao. Kila aletaye ramani kwa jina la afya sharti aulizwe: afya ya nani?

Mpinzani atasema kwamba watu wetu hutembea mno tayari, na kwamba kuwahimiza ni dhihaka. Asema kweli nusu. Kijana atokaye pembezoni mwa mji alfajiri, akifuata ukingo wa lami, akimeza vumbi na kukwepa bodaboda, hutimiza dakika zake na kuzizidisha. Lakini hutembea kwa kukosa nauli, na siku aipatayo hataonekana tena kwa miguu. Kwa hiyo mimi sioni kuwa wingi wa hatua ndio mizani ya haki. Mtaa mwema ni ule ambao mwenye nauli mfukoni, na hasa mwanamke arudiye magharibi, bado huchagua kutembea. Vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam hukimbia Jumamosi alfajiri katikati ya lami, kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee ambayo barabara huwa mali yao. Hata njia za waenda kwa miguu zilizojengwa pamoja na barabara ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, aghalabu hugeuzwa vituo vya bodaboda na meza za wachuuzi, nao wachuuzi siwalaumu, maadam hawakutengewa pahali pa kutosha.

Lililo gumu zaidi limo huko viwanja viuzwapo kimoja kimoja kabla ya mpimaji kufika, kila mnunuzi akajenga ukuta hadi ncha ya mpaka wake, na duka lililokuwa hatua mia likawa mzunguko wa robo saa, ambao mwenye busara huufanya kwa bodaboda. Siku ya kupima, kichochoro cha mita tatu ni mstari wa kalamu tu juu ya karatasi. Kuta zikiisha kusimama, kichochoro hichohicho huwa ni fidia, na kesi katika baraza la ardhi, na alama ya X nyekundu juu ya ukuta wa mtu aliyejenga kwa jasho la miaka ishirini.