Kasuku anayekuita jina anatafuta wenzake

BANALIA – Jogoo hafundishwi kuwika. Yai la kuku likilaliwa na bata, kifaranga atakua na kuwika vilevile, hata kama hajawahi kumsikia baba yake. Mwaka 1988 watafiti, akiwemo Mfaransa Nicole Le Douarin, walichukua vipande vya ubongo wa kware, wakaviweka kwa vifaranga wa kuku waliokuwa bado ndani ya yai. Baada ya kutotolewa, baadhi yao walitoa mlio wa kware. Hiyo ndiyo silika: tabia ambayo ubongo unazaliwa nayo.

Kasuku wetu wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, ni tofauti. Yeye amezaliwa na ubongo wa kujifunza sauti. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza kwamba sehemu ya ubongo inayomwezesha kasuku kuiga ina tabaka mbili, ya ndani na ya nje. Ile ya nje haijaonekana kwa ndege wengine wanaojifunza kuimba.

Ubongo huo haukuwekwa kwa ajili ya kuchekesha wageni sebuleni. Kinda hukaa karibu miezi mitatu ndani ya tundu la mti mrefu, kisha huruka na wakubwa. Kundi ndilo shule yake: hapo husikia milio ya wenzake na kuiiga, na huwafuata hadi kwenye michikichi yenye matunda. Akinaswa kwa gundi na kutiwa kizimbani, ubongo wake hauachi kutafuta mwalimu. Unamkuta binadamu. Watu wanaposikia «mbote» wanacheka, kumbe ndege anatafuta kundi lake.

Ndiyo maana kumfungulia mlango siku moja hakutoshi. Mabawa anayo, lakini shule yake ilikatizwa. Familia zilizokimbia vita vya Mbole na Lengola tangu 2023 hazihitaji kuelezwa sana jambo hili. Mtoto naye anazaliwa akijua kulia, lakini njia ya shamba na ya mto anaonyeshwa na wazee wake.

Mwaka 2016, huko Johannesburg, nchi zilipiga kura kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Ghana walikuwa wengi. Leo ni nadra kuwaona. Tshopo bado inao, lakini si wa milele.

Kumfunga baba aliyepoteza shamba na kutega gundi ili watoto wale, huku mnunuzi mkubwa akipita na vizimba vyake, si haki. Serikali ianze na huyo mnunuzi, na waliokimbia wapewe jembe, mbegu na usalama wa kurudi kwao. Na wewe unayetaka kasuku wa nyumbani, mwache afundishwe na mama yake.