Msiandike Hiyo Orodha

Mwezi uliopita jumuiya yetu hapa Jinja ilikutana baada ya ibada. Simu tatu zilikuwa zimeibiwa ndani ya wiki mbili. Moja ilikuwa ya mama anayeuza samaki, na akiba yake yote ilikuwa ndani ya hiyo simu. Watu walikuwa na hasira, hata mimi. Halafu mzee mmoja akasimama: "Tuandike majina ya vijana wabaya wote, tuyapeleke polisi kabla hawajatuharibia jina." Watu wakapiga makofi. Daftari likatolewa pale pale.

Mimi nafanya kazi na hao vijana, Jinja kila siku na Mbale mara mbili kwa mwezi. Nilisimama kusema hapana, nikaambiwa nikae, juu bado ni mtoto. Basi naandika hapa yale sikumaliza kusema.

Majina saba yaliandikwa. Niliyaona. Hakuna hata mmoja aliyeonekana akiiba. Mmoja ana nywele za rasta. Mmoja aliacha shule. Mmoja analala kwenye kibanda cha video juu nyumbani kwao ni watu tisa chumba kimoja. Wengine wanne kosa lao ni kutembea na hao watatu. Sasa niambieni wazazi wangu, hiyo ni orodha ya wezi au ni orodha ya watoto tusiopenda kuwaangalia?

Kuna Mmarekani, Howard Becker, aliyeandika mwaka 1963 kwamba uhalifu haukai ndani ya kitendo peke yake. Watu wanatunga kanuni, wanachagua nani abandikwe jina, na aliyebandikwa anaanza kuishi ndani ya hilo jina. Niliposikia hilo kwenye mafunzo halikuwa geni kwangu. Kule Goma na Bukavu watoto wa barabarani tuliwaita maibobo. Hapa wanaitwa bayaye. Ukishaitwa hivyo, hakuna anayekuuliza umekula nini.

Nawapa mfano mmoja. Kijana wa kikundi chetu, miaka 17, alikamatwa saa mbili usiku akitoka kuangalia mpira. Hakujua Kilusoga vizuri, na karatasi yake imeandikwa Nakivale. Alilala ndani siku tatu, wakati Katiba inasema saa 48 zisipite bila kufikishwa mahakamani. Aliachiwa bila kesi yoyote. Lakini aliporudi, shangazi yake akaanza kulala na mkoba chini ya mto, na kanisani wakamtoa kwenye kupiga ngoma. Polisi walimshika siku tatu. Sisi tunamshika mpaka leo. Jina lake ni la pili kwenye daftari.

Sheria ya kumkamata mtu kwa kuonekana hana kazi haikuzaliwa hapa. Waingereza waliitunga kwao mwaka 1824, wakati vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha na barabara zimejaa wanajeshi waliorudi bila kazi. Wakaibeba mpaka kwenye makoloni yao. Uganda ikapata kosa ambalo kila kijana analijua, "idle and disorderly", na ndugu yake, kosa la mzururaji asiye na njia ya kujikimu inayoonekana. Inayoonekana na nani? Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilisema sheria za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuta vipengele viwili vya hilo kosa la uzururaji. Yaani majaji wamekataa mtu afungwe kwa kushukiwa tu, halafu sisi wakimbizi, chini ya mwembe wa kanisa, tunairudisha sheria ile ile kwa kalamu ya biki.

Tena tunasahau lugha yetu inasikikaje hapa. Kwa wazee wengi wa Uganda, Kiswahili ni lugha ya bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanajeshi walizingira mitaa ya Kampala na kuwaamuru watu wapande malori. Mpaka leo misako ile inaitwa "panda gari". Sisi tunabembeleza watoto kwa lugha hiyo hiyo. Kijana wetu akimwita mwenzake usiku kwa Kiswahili, jirani anashtuka. Tayari ana alama moja. Orodha yenu itakuwa ya pili.

Wengine walisema, "Mbona sisi tulikuwa maskini na hatukuiba?" Ni kweli, na ninawaheshimu. Lakini angalieni mji huu. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vikaja. Walukuba ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Mwaka 1972 Amin akawafukuza Wahindi, na viwanda vingi vikaanguka. Nyumba za mshahara zilibaki, mshahara ukaondoka. Kijana wa leo anaonyeshwa simu nzuri kila siku na haonyeshwi njia ya kuipata. Sisemi kwamba hiyo inampa ruhusa ya kuiba. Nasema mwizi haanguki kutoka mbinguni.

Na sisi siyo wa kwanza kuandikwa. Mbale, mtaani Namatala, mtoto wa Kikaramoja anayeokota vyuma chakavu anaitwa mwizi kabla hajafungua mdomo. Kampala, watoto wa Kikaramoja wamekamatwa barabarani mara nyingi na kurudishwa kwao kwa magari, na bado wanarudi, juu njaa iliyowatoa haikukamatwa. Nimesikia watu wetu Mbale wakisema, "Afadhali wale, siyo sisi." Leo mnawaandika watoto wenu wenyewe ili jirani aseme hivyo hivyo juu yenu.

Mzee mmoja alinijibu kwa methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sawa baba. Lakini huo ulimwengu ni nani hapa Jinja, kama siyo sisi tuliokaa kwenye mkutano? Na tunajua ulimwengu huu unafundishaje. Mtu mmoja akipiga kelele "mwizi!" sokoni, mawe yanakuja kabla ya polisi. Orodha haitakaa kituoni. Itapita mdomo kwa mdomo mpaka kwa watu wa bodaboda. Siku kijana mmoja akipigwa mpaka afe kwa simu ambayo hakuiba, nani ataenda kumwambia mama yake kwamba jina lilitoka kanisani?

Najua mtasema natetea wezi. Sitetei. Yule mama alilia mbele yangu, na hasara yake ni ya kweli. Udhibiti lazima uwepo. Travis Hirschi aliuliza mwaka 1969 swali ninalolipenda: badala ya kuuliza kwa nini watu wanaiba, tuulize kwa nini wengi hatuibi. Jibu lake ni kwamba tumefungwa kwa kamba: watu tunaowapenda, kazi tunayoogopa kupoteza, mambo ya kufanya kila siku, imani. Kumtoa mtoto kwenye ngoma ya kanisa ni kukata kamba. Kumwandika ni kukata iliyobaki.

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, yale majina yafutwe mbele ya watu wote, kama yalivyoandikwa mbele ya watu wote. Pili, anayeonekana akiiba apelekwe kwa mwenyekiti wa LC1 na polisi kwa kosa lake hilo, na ushahidi, na mzazi wake akiwa pale. Tatu, zile shilingi 2,000 kwa kila nyumba tulizokubaliana kuchanga kwa ulinzi, kwanza zimsaidie yule mama, na zinazobaki zilipie vijana wawili kujifunza ufundi wa pikipiki.

Mbale tulijaribu kitu kidogo: vijana sita wanawasindikiza akina mama wanaotoka sokoni usiku. Wizi haukuisha. Ila wale mama sasa wanawaita kwa majina yao.

Jumapili hii kuna mkutano tena. Nitakuja, na yule kijana wa ngoma atakuja nami. Atakaa mbele. Anayetaka kusoma jina lake, alisome akimwangalia usoni.