Uzito wa Kapu

Wapo waalimu wasemao kwamba kumwongezea mwanafunzi asiyeona dakika za mtihani ni kuwapunja wenziwe. Maneno haya nimeyasikia zaidi ya mara moja, nayo husemwa kwa sauti ya haki. Nayapinga.

Aliyepata kukaa Mtera, kando ya bwawa la Ruaha Mkuu, ameona perege wakipimwa. Uzito wa kapu huondolewa, wala hakuna mchuuzi mwenye akili aliaye kwamba mvuvi amependelewa. Kinachonunuliwa ni samaki. Na mtihani, je, wanunua nini? Ikiwa wanunua wepesi wa mkono, na utangazwe hivyo, tujue kuwa tunashindana mbio. Ikiwa wanunua maarifa, basi muda upoteao katika kupapasa nukta nundu ni kapu, nao sharti uondolewe.

Baraza la Mitihani limekubali hoja hii: huongeza dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati. Lakini katika masomo mengine huongeza dakika 10 tu, na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Ni nani aliyeamua kuwa kapu la Kiswahili ni nusu ya kapu la hesabu? Michoro na tarakimu humtaabisha msomaji wa kidole, hilo silikatai. Lakini kitazameni kifungu cha ufahamu. Mwenye macho akiulizwa swali, hutupa jicho mara moja akaliona neno alitakalo katika aya ya pili. Asiyeona hulitafuta kwa kidole, mstari baada ya mstari, na arudipo kwenye swali pengine amekwisha kusahau lilivyoulizwa. Kisha aandike insha, wala hawezi kuchomeka ukingoni neno alilolisahau, kama wafanyavyo wenziwe. Katika karatasi ya saa 3 twampa dakika 30 kwa taabu yote hiyo, na bado twajiona wakarimu!

Tena hizo ni dakika za mtihani wa taifa. Jaribio la Ijumaa, alitungalo mwalimu mwenyewe, halingoji kibali cha Baraza; ni wangapi kati yetu tuongezao hata dakika 1?

Buigiri, hapa Dodoma, watoto wasioona wamefundishwa tangu 1950. Sisi wa Kiswahili twendeni huko na kifungu kimoja cha ufahamu na saa mkononi, tukae na msomaji mmoja mpaka amalize, kisha tuandike dakika tulizoziona, tulipelekee Baraza.