Gesi ya Baharini na Jiko la Kisondela



Katika nyumba nyingi za Kisondela mtungi wa gesi hutunzwa kwa chai ya alfajiri na mgeni wa ghafla. Maharage huachiwa kuni. Mama wa nyumba akisikia kwamba Tanzania ina gesi tele chini ya bahari, huuliza swali la haki: mbona bei ya mtungi haishuki?

Yatupasa kumjibu kwa ukweli. Gesi ya mtungini huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, kisha hupandishwa milima ya Tukuyu kwa malori. Gesi yetu ya Lindi na Mtwara karibu yote ni methani, ambayo husafirishwa kwa bomba wala haijazwi katika mitungi hii. Anayeahidi kwamba kuchimba bahari kutashusha bei ya mtungi anaahidi asichonacho.

Je, basi gesi hiyo haituhusu? Yatuhusu, ila kwa mlango mwingine. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, inazalisha umeme tangu 2004, na bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa 2015. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi. Hata hivyo, akiba kubwa haijaguswa. Kati ya futi za ujazo takriban trilioni 57 zilizogunduliwa nchini, zaidi ya trilioni 47 zimo katika kina kirefu cha bahari, zilikoanza kugunduliwa mwaka 2010.

Faida ya kwanza kwa Rungwe ni mbolea. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Mkulima wa chai, viazi na mahindi anakumbuka mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopaa duniani hadi serikali ikaingiza ruzuku. Mwenye ng'ombe wa maziwa hapaswi kununua maziwa dukani maisha yake yote.

Faida ya pili ni fedha za kigeni. Ili gesi iuzwe mbali, sharti ipozwe hadi iwe kimiminika, na kiwanda cha kazi hiyo kimepangiwa Likong'o, Lindi. Gharama yake ni makumi ya mabilioni ya dola, ndiyo maana mazungumzo yamekuwa marefu. Makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell yalisainiwa Juni 2022. Kuchelewa nako kuna gharama, kwani wanunuzi wa dunia wanatafuta nishati nyingine, na gesi isiyouzwa haisomeshi mtoto.

Kwa hiyo twaunga mkono uchimbaji, kwa sharti moja. Gesi ni kama mti wa mbao: ukishaukata hauvunwi tena. Mwenye busara huuza mbao akapanda miparachichi, ili wanawe nao wavune. Msimamizi wa mali ya yatima hutakiwa aikuze, asiile wala asiiache ipotee. Na watoto ambao hawajazaliwa ndio yatima wa mali hii. Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya mwaka 2015 ilianzisha mfuko kwa lengo hilo. Damu iliyomwagika Mtwara mwaka 2013, wananchi walipopinga bomba, yatukumbusha kwamba mali isiyoelezwa kwa wenyewe huzaa fitina.

Basi mbunge akija Kisondela tusimuulize bei ya mtungi peke yake. Tumuulize: ni kiasi gani cha gesi kitabaki nchini kwa mbolea na umeme? Mfuko una shilingi ngapi, na zinapandwa wapi? Wakati huohuo, tusimwache mama akingojea Lindi huku akivuta moshi. Jiko banifu na kuni zilizokauka vyema zimo ndani ya uwezo wetu leo.